Utepe Ndani ya Mlango wa Gari

Dada yangu kipenzi,

Nakusalimu kwa furaha ambayo nikiimimina yote humu, bahasha itapasuka. Hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua? Shemeji na wanangu wanaendeleaje? Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kupitiliza. Ndoa ni tamu, dada! Kwa nini hukuniambia mapema?

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Unalikumbuka gari la baba mkwe, lile jeupe lililotubeba siku ya harusi? Kesho yake kioo cha mlango wa nyuma kiligoma kupanda. Ukibonyeza kitufe, mota inalia humo ndani lakini kioo kinabaki chini. Na gari hilo ndilo teksi yake, ndiyo riziki yake, na mvua ndiyo kwanza zimeanza! Alibandika nailoni, upepo ukaing'oa. Mama mmoja aliyetoka saluni akalowa nywele zote, akateremka njiani akimwambia baba mkwe kwamba aanze kuuza samaki, maana bwawa tayari analo. Wateja wakawa wanamruka na kuchagua magari ya wenzake. Vijana wa kituoni wakambatiza jina la Nahodha. Alicheka nao, lakini nyumbani chakula akawa anakigusagusa tu. Kwenye duka la vipuri walimwambia kifaa kile lazima kiagizwe, asubiri mwezi au zaidi. Akasema basi, labda gari linamwambia muda wake wa kupumzika umefika.

Neno hilo lilimchoma mume wangu. Unajua yeye ni fundi makabati. Alizunguka lile gari, akagonga mlango kwa kidole, akatangaza kwamba kioo cha gari ni mlango wa kabati tu, ila huu unakwenda juu badala ya kwenda pembeni. Yaani dada, nilimpenda upya palepale! Tukaenda duka la vifaa vya ujenzi tumeshikana mikono kama watu wanaokwenda kununua pete. Alichagua kapi ndogo ya mlango wa kabati, kile kigurudumu cha kupitishia waya, waya wa breki ya baiskeli, vibano viwili na kipande cha mpira wa bomba. Muuzaji akauliza tunajenga nini. Mume wangu akajibu kwamba tunajenga dirisha. Muuzaji akasema maharusi wa kununua vitanda amewaona wengi, lakini maharusi wa kununua breki ndio sisi wa kwanza.

Tulipobandua gamba la ndani la mlango, mkono wa mume wangu ukakataa kuingia. Ule mkono mpana ninaoupenda! Akasema hapo ni kazi ya mke wake. Nikazamisha wangu hadi kwenye kiwiko, naye ananimulikia tochi na kunielekeza kwa sauti ya chini karibu na shavu langu, hata sijui nilikuwa nasikia maelekezo au pumzi yake. Nikagusa waya uliokatika, nikagusa kapi iliyopasuka, kisha nikagusa kitu laini kilichoizunguka. Nikakivuta polepole. Utepe mwekundu, umelowa grisi.

Dada, ulikuwa wangu. Siku ya harusi nilikuwa nikiupunga dirishani. Kila kona nashusha kioo ili watu wanione, napandisha, nashusha tena, mpaka ukanichomoka nikadhani umeangukia barabarani. Kumbe umemezwa na mlango! Nikaukunja haraka, nikautia mfukoni.

Waya mpya ukapita kwenye kapi, vibano vikakazwa, mpira ukakumbatia kioo. Mume wangu akabonyeza. Kikapanda! Polepole, kwa mlio kama wa kabati letu la nguo, mpaka juu kabisa! Nilipiga vigelegele mpaka baba mkwe akatoka mbio na povu la sabuni kichwani. Akapandisha, akashusha, akamkumbatia mwanawe, machozi yakamlengalenga. Kisha uso ukabadilika. Akasema sasa anakwenda kumkoromea muosha magari, maana ndiye pekee anayechezea vioo vyake.

Hapo sikuweza kuvumilia, dada. Nikautoa utepe mbele yao wote wawili, nikasema yote. Nilijua atajiuliza wamemwoa mharibifu gani. Aliutazama utepe, akanitazama mimi nilivyojaa grisi hadi kwenye nyusi. Akasema siku ile, akiwa kwenye usukani, alisikia kioo kikihangaika huko nyuma, akadhani tunabusiana na kuona haya, ndiyo maana hakugeuka hata mara moja. Akacheka mpaka povu likamwingia machoni. Halafu akaniita mwanangu, siyo mkwe, mwanangu, akauliza kama mkono huo mwembamba una nafasi kesho. Kuna kioo kingine, cha mbele, hakijawahi kushuka tangu mume wangu akiwa mdogo alipotumbukiza kijiko humo mlangoni.

Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, anakusanya bisibisi kwa bidii ya ajabu.

Wakumbatie wanangu kwa niaba yangu, na shemeji mwambie nimemkumbuka. Mume wangu anakuamkia kwa heshima zote.

Mdogo wako, mke wa mtu, mwenye grisi kwenye kucha,
Kiherehere