Mkono Juu ya Kibodi

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Naapa kukueleza kila kitu katika barua hii, hata yale utakayotamani nisingeyaandika. Ukifika mahali ukataka kuichana, tafadhali ivumilie mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna jambo ninalotaka unijibu.

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Bibi ananiuliza kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye ninayelala huko. Anataka kujua kama pale Baba alipokupiga na nondo pameacha kuvimba, na kama Shangazi anakukanda kwa maji ya moto au kwa maneno tu. Sisi huku tunapumua. Kusema hatujambo itakuwa uongo, nami nimeshaapa.

Nianze na Msumari, maana ulikimbia kabla hujaona ulichomfanyia ndugu yako. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimevunjika, na kile cha shahada nusura kikatwe. Nyundo ilipoukuta mkono wake juu ya kibodi, vitufe viliruka mpaka kwenye pipa la vyuma chakavu. Mimi ndiye niliyeviokota. Herufi S ilikuwa imegandiwa na damu, nikaisugua kwa mswaki wangu wa zamani. Kibodi imepasuka lakini bado inaandika. Msumari alipiga ukelele mmoja tu, kisha akawa anautazama mkono wake kama kitu ambacho mteja amekisahau mezani. Aliyelia ni Baba. Alikufukuza na nondo huku analia, na sidhani kama uligeuka ukamwona uso.

Nakumbuka kila neno la asubuhi ile. Uliwasha kompyuta ya karakana ukangoja Bawabu, ile programu ya mlangoni, akuulize unaingia upande gani, wako wa Linux au wa Msumari wa Windows, kama alivyouliza siku zote tangu ulipomweka na kumpa jina hilo. Hakuuliza. Ikafunguka Windows moja kwa moja, na picha ya timu ya Msumari ikajaa kwenye skrini.

"Michoro yangu iko wapi?"

"Labda imechoka kuitazama sura yako," Msumari akakujibu, bado anatafuna mkate.

Ulikuwa utani wa kijinga. Jana yake tu mlikuwa mmegombana, akakutishia kwamba ipo siku ataifuta Linux yako yote apate nafasi ya michezo yake. Nawe ulikuwa na michoro ya miaka miwili humo, milango, madirisha, na lile lango la shule ambalo mashine ya kukatia bati ilikuwa inalisubiri. Ukajumlisha tisho na utani.

"Umefuta kwa mkono gani?" ukamuuliza, na nyundo ilikuwa karibu.

Kaka, hakufuta kitu.

Nilimweleza mwalimu wetu wa kompyuta bila kutaja damu. Akasema Windows ikijisasisha inaweza kujiweka mbele kwenye orodha ya mashine, ile inayoamua nani aamke kwanza. Bawabu hafi wala hatoki, anasogezwa nyuma tu, na hakuna anayempa nafasi ya kuuliza. Hapo nikakumbuka kwamba siku ya ugomvi wenu, kabla ya ile ya nyundo, Msumari alipotaka kuzima, skrini iliandika kwamba inajisasisha, isizimwe. Akaipiga meza teke, akaenda kula. Hilo ndilo kosa lake lote.

Mwalimu aliniazima flashi yenye Linux. Niliwasha kompyuta kwa flashi hiyo, bila kubadilisha chochote kwenye diski, nikachungulia. Upande wako ulikuwa kama ulivyouacha. Lango la shule lilikuwepo, na yule jogoo mwenye miwani uliyenichorea nilipofeli hisabati. Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma nikalia, kisha nikanyamaza kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Nikazima, nikawasha tena huku nabonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio ya mashine, nikaikuta ile orodha, Windows juu, Bawabu chini. Nikampandisha, nikahifadhi. Kompyuta ilipoamka, ikauliza. Kumenya viazi vya jikoni kwetu kunachukua muda mrefu zaidi.

Nilimwita Baba. Aliyatazama yale majina mawili kwenye skrini, akaniuliza kama ndivyo yalivyokuwa siku zote. Nikasema ndivyo. Akatoka nje, nikasikia analipiga bati kwa ngumi mpaka jirani akaita kuuliza kulikoni. Bibi naye alivaa miwani, akasema kumbe sanduku lenyewe ni nyumba ya wake wenza, na kilichokosekana ni mtu wa kukumbusha zamu.

Nilidhani Msumari atafurahi, maana jina lake lilikuwa limesafishwa. Alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Kwa hiyo nimepigwa bure," akasema. "Basi acha niifute kweli, kipigo kipate kosa lake."

"Kaka, usifanye hivyo," nikamsihi.

"Toka hapo, Kitinda. Leo sina dada."

Nilisimama mbele ya skrini. Alinishika nywele kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akanirusha. Nikaangukia jiliwa la kubania vyuma, paji la uso likapasuka, damu ikaniingia jichoni. Niliinuka nikamng'ata mkono uleule mpaka nikaonja chumvi. Bibi anataka nijutie hilo na bado najaribu. Alinibana ukutani kwa kiwiko kooni, na kwa muda sikuweza kupumua, nikaona uso wako, Kaka, kwenye uso wake, maana mnafanana sana mkikasirika. Kisha akaona damu yangu inadondokea kwenye kibodi, palepale ilipodondoka yake. Akaniachia. Akararua kitambaa kwa meno, akanifunga kichwa kwa mkono mmoja, vibaya mno, huku anatukana kitambaa. Nimeshonwa. Shuleni nilisema nimeanguka.

Sasa haya ndiyo masharti yake. Ameitungua nyundo ukutani, ameilaza kando ya kompyuta, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Anasema hatafuta kitu mpaka bendeji itoke, mwisho wa mwezi huu. Kabla ya siku hiyo uje mwenyewe, ukae kwenye kiti kilekile, uweke mkono wako wa kulia juu ya kibodi mbele yake. Atakalofanya hapo ni shauri lake, asiulizwe na mtu. Usipokuja, atafuta michoro yote, halafu atakufuata hukohuko kwa Shangazi. Analala na patasi chini ya mto. Niliiona nilipokuwa natandika.

Baba ameyasikia masharti hayo, hakusema ndiyo wala hapana. Lakini aproni yako, aliyoitupa kwenye pipa siku ile, jana nimeikuta imefuliwa na kutundikwa mahali pake. Si mimi niliyeifua, na Bibi hawezi kuinamia beseni.

Nikuambie ninavyofikiri, ingawa mimi ni mdogo wenu. Nimemchungulia Msumari akiwa peke yake karakanani. Ananyanyua nyundo kwa mkono wa kushoto, anaishusha taratibu mpaka inaigusa kibodi bila sauti. Anarudia, anarudia tena. Sijui kama anajifunza kupiga au anajifunza kutopiga. Mimi nimeamua kuamini hilo la pili, lakini sikufichi kwamba sina hakika.

Jambo moja nimelifanya bila kumuuliza mtu. Zamani Bawabu alikuwa anahesabu sekunde chache, na asipojibiwa anafungua mlango wa kwanza mwenyewe. Nimembadilisha. Hahesabu tena. Anasubiri mpaka mtu achague. Jana majina mawili yalikaa kwenye skrini mchana kutwa, Msumari yuko mbele yake kwenye kiti kilekile, na hakubonyeza kitufe hata kimoja.

Bibi anakusalimu, anasema usivae fulana mbichi, atajua. Baba hakutuma salamu, ila aliniuliza mara mbili kama nina stempu. Nisalimie Shangazi na mumewe, na wale mapacha wao, waambie wasikurukie mgongoni mpaka upone. Mwalimu wangu naye anakusalimu, hajui lolote.

Mungu akulinde hapo ulipo na njiani pia, ukiamua kushika njia. Akulinde na hasira yako mwenyewe kwanza. Na mkono wako aufunike kwa wake.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kichwa changu kilichoshonwa,

Kitinda

Nijibu mara tu upatapo barua hii, hata kwa neno moja. Kaka, utauweka mkono?