Kilengeo cha bunduki ya babu

Auleria upo? Nimekaa tu hapa uani kwa bibi, Pugu. Sihisi chochote.

Nilikuwa nakaza kilengeo cha mbele cha ile bunduki ya upepo ya marehemu babu, kilikuwa kinacheza. Bibi akaja akanipokonya bisibisi. "Kiache. Nilikilegeza mie, enzi za Mwingereza."

Nilikilegeza mie!! Bibi huyu huyu!

Eti kaka yake bibi, Shomari, alikuja kumchukua arudi kwao, maana kipigo cha babu kilizidi. Babu akaapa akimwona Shomari tena atampiga risasi. Ndo bibi akakilegeza, ili babu akilenga amkose.

Nikamuuliza, "Akamkosa?"

"Akamkosa. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kaka."

Lile jicho lake bovu, Auleria. Sie tuliambiwaga ni ndui.

Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado.