Boma Nililoandika Halina Kaburi

Geita, Jumamosi

Baba, shikamoo.

Leo saa nne asubuhi mpimaji mkuu wa kampuni amesema tingatinga litaingia katika boma la Mama Kulwa siku ya Jumatano. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalonifanya niandike barua hii, na kwa sababu kosa ni langu. Poleni na mvua hizi za El Nino. Natumaini nyumba haivuji na magoti yako yamepata nafuu. Mimi ni mzima.

Kazi yangu unaijua. Natembea na wapimaji katika eneo ambalo kampuni itachimba dhahabu, natafsiri, na najaza fomu ya kila boma: nyumba, miti, makaburi. Mwezi uliopita tulifika kwa Mama Kulwa, mjane, naye yuko shambani. Nikazunguka mwenyewe. Sikuona msalaba, sikuona saruji wala tuta. Nikaandika "Makaburi: hakuna." Sikumuuliza mtu.

Jana alikuja kwenye hema letu na fimbo ya kuchungia.

"Nani ameandika kwangu hakuna mtu?"

"Ni mimi, mayu, mama yangu."

"Wewe Msukuma wa wapi?"

"Wa Ibadakuli."

"Ibadakuli ya ng'ombe au ya uwanja wa ndege?" Vijana wa hemani wakacheka. "Njoo nikuonyeshe mzee wangu. Vua na viatu hivyo, zizi ni tope tupu."

Alinisimamisha katikati ya zizi. Mumewe amelala hapo, amefungwa katika ngozi ya dume lake mwenyewe, na ng'ombe humkanyaga kila jioni wakirudi. Ndivyo inavyotakiwa: mwenye mji halazwi mbali na mifugo yake, na kwato zao ndizo zinazomfunika. Nina miaka thelathini na minne, na jambo hilo nimelijua jana.

Nilimweleza mpimaji. Akasema, "Kaburi nisiloliona siwezi kulihesabu." Ametoa nafasi moja. Jumanne saa nne atakuja zizini. Watu wa boma wakifukua kwa mikono na mzee akaonekana, tingatinga litasubiri mpaka ahamishwe. Fomu nimekwisha kuisahihisha na kutia sahihi. Kwa hilo ameniambia nianze kutafuta kazi nyingine.

Sasa shida iko hapa. Ndugu waliomzika wamekufa wote. Kulwa, mwanawe, ameokoka na anasema hagusi mambo ya mashetani. Mama Kulwa hathubutu kuchimba bila mtu anayejua namna ya kumwamsha mzee. Jana tulipokuwa bado tumesimama pale zizini aliniuliza, "Babu yako amelala zizi gani?"

Nikamwambia amelala misheni, chini ya saruji.

Alichomeka fimbo yake topeni. Kisha akasema, "Na ng'ombe wake walikwenda kumtafuta wapi?"

Baba, hapo nikakumbuka siku ya maziko ya babu. Shangazi Minza alifungua zizi akawaswaga ng'ombe mpaka makaburini. Wewe ulikuwa katekista, na Padri mzungu amesimama pale na kitabu chake. Ulishika fimbo ukawachapa ng'ombe mpaka wakarudi. Shangazi akasema, "Unamfukuzia mzee watu wake." Sisi watoto wa altare tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Baadaye ulituambia kwamba kuzikwa zizini ni kuzikwa kama mnyama. Niliamini, kama wewe ulivyoambiwa ukaamini.

Sikuandikii kukuhukumu. Padri yule ndiye aliyekusomesha. Ningekuwa wewe, ningechapa vilevile. Nami huku nimefanya lilelile kwa kalamu.

Ombi langu ni hili. Shangazi Minza alikuwapo, msichana bado, serikali ya Mwingereza ilipowahamisha watu kwa sababu ya mbung'o. Aliwaona wazee wakimfukua baba yake babu na kwenda naye. Alikuwa akitusimulia, nasi tukimkatiza. Namwomba aje amsimamie Mama Kulwa. Najua wewe na yeye hamjalitaja jambo lile tangu siku ile. Najua pia kwamba kwa macho yale yaliyofifia hawezi kusafiri peke yake. Anahitaji mtu wa kumshika mkono, na naomba mtu huyo awe wewe.

Msalimie mama, na mke wa kaka na watoto wake, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea sare ya kwanza. Shangazi mpe shikamoo yangu kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu.

Barua hii anaileta konda wa basi linaloondoka kesho. Ninyi mnaweza kupanda Jumatatu alfajiri. Nitakuwa kivukoni Busisi, upande wa Geita, kuanzia saa nane mchana hadi kivuko cha mwisho. Asiposhuka mtu, Jumanne saa nne nitaingia zizini na Mama Kulwa, wawili tu.

Mwanao,
Masanja