Zuhura Hakunyamaza

Nyeri

Kwa kaka yangu Athmani,

Shikamoo. Nakupa kwa kuwa ni haki yako, u mkubwa wangu, si kwa kuwa roho yangu yataka. Hujambo? Watoto hawajambo? Kikohozi cha shemeji kimepoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku ni ile ile uliyoilaani ulipokuja. Nalala na soksi.

Mama mdogo Rukia wa Ngomeni alikuja kumwona mwanawe, akapita kwangu kunijulia hali. Akanipa habari: dada yetu Zuhura ameposwa, na nikaha ni baada ya Maulidi. Nikapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia. Nikamuuliza, "Na Zuhura mwenyewe kasemaje?"

Akacheka. "Bubu yule, maskini! Wazee wa posa walitaka jibu lake, basi Athmani akamuuliza kwa ishara, naye akafanya hivi." Akaweka viganja viwili kifuani, akavisukuma mbele kwa nguvu. "Nikamuuliza Athmani, ndiyo nini hiyo? Akasema, karidhia, aona haya tu."

Athmani! Kigelegele kilinikauka mdomoni.

Mama mdogo haijui ishara ile kwa kuwa haishi hapo nyumbani. Wewe waijua. Ndiyo aifanyayo Zuhura tangu utotoni akiwekewa papa sahanini: sitaki, niondoleeni. Hata paka wa nyumba hiyo aijua!

Mimi mwenyewe nilikuita kwenye mafunzo haya ninayofundisha, ya watu wa kuwasaidia mabubu na walemavu wengine wajiamulie mambo yao. Nilikuita kwa kuwa tangu mama afariki, Zuhura hana msemaji ila wewe. Wakumbuka siku tuliyokufunga kitambaa mdomoni, ukawa wewe ndiye bubu, na yule mwenzako wa Meru akawa msaidizi wako? Ukaonyesha wali. Yeye akamwambia mpishi, "Anataka githeri," yale mahindi na maharagwe ya huku. Wallahi ulikirarua kitambaa! "Sikusema hivyo mimi! Mwongo huyu!" Darasa zima likacheka, wewe ukasusa chakula. Jioni ukaniambia, "Mwanaidi, leo nimejua Zuhura aishi vipi." Nikalia kwa furaha mbele yako, mjinga mimi.

Sahani ya githeri ilikuuma hivyo. Na mume je?

Najua bwana huyo wa Mnarani aliyemposa ni swahibu yako. Huenda ni mtu mwema, simjui, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni nawe. Wala usinijie na maneno ya kwamba mwanamwali akinyamaza ameridhia. Zuhura hakunyamaza. Alijibu waziwazi mbele ya watu wazima, na aliyemwelewa peke yake ndiye aliyeligeuza jibu lake. Umenisaliti mimi na yeye kwa neno moja. Kinachoniunguza zaidi ni kwamba walikuamini kwa sababu umefunzwa, na aliyekufunza ni mimi.

Nimeomba ruhusa kazini, nafika kabla ya Maulidi. Nataka wazee wa posa waitwe tena na sheikh awepo. Zuhura aulizwe upya, mimi nikiwa ubavuni mwake na wewe ukiwa umefunga mdomo. Akisema ataka, nitampaka hina kwa mikono yangu. Akisema hataki, wewe ndiye utakayewaambia wageni, na utawaambia pia kwamba alikwisha kusema.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Nisalimie jirani yetu muuza mahamri, na shangazi wa Ganda akija sokoni, mwambie dawa yake ya miguu nimeipata.

Salamu za Zuhura sizitii humu. Maneno yangu na yake hayapiti tena mikononi mwako. Nitampa mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwanaidi