Sanamu Anayemngoja Dada Yake

Padova, 21 Machi

Kwa dada yangu mpendwa Ornella,

Pokea salamu tele kutoka uwanja wa Prato. Hujambo huko Torino? Shemeji bado anakoroma? Sisi wazima, ila Mama na magoti yake. Mimi, usicheke, nimezidi utanashati. Wasichana wa chuo husimama nikiwa juu ya ngazi nasugua kuvu kwenye sanamu. Wanadai wanatazama sanamu. Haya.

Dada, binamu yetu Lodovico amehitimu juzi kwa alama za juu kabisa. Tasnifu yake ni juu ya maana za sanamu za Prato: kwa nini huyu kainama, kwa nini yule kaficha mkono. Shika kiti sasa. Maana hizo ni zangu! Miaka miwili tunalala chumba kimoja, kila jioni ananimiminia divai: eti Nereo, na yule wa darajani je? Nami bwege namwaga yote. Kitabuni kaandika kwamba alisimuliwa na mzee mmoja wa mtaani, sasa marehemu. Yaani kaniua, Dada!

Desturi yetu unaijua: mhitimu huandikiwa bango la kejeli na rafiki zake, akavishwa taji la majani, akalisoma bango hilo kwa sauti uwanjani, akikosea, anywe. Bango lake nililiandika mimi. Makosa ya herufi usiulize. Nikaweka kweli tupu: huyo marehemu ni mimi, na hadithi zile sikuzirithi kwa mtu, nilizitunga zote, brashi mkononi.

Alipofika hapo akanitazama, sauti ikamkatika. Watu wakapiga kelele, "Kakosea! Kunywa, daktari, kunywa!" Akanywa. Profesa wake akacheka hadi machozi, akanipiga bega, akasema nina kipaji cha uongo. Nilisahau, Dada. Nani huamini bango la mahafali?

Hadithi nyingine namwachia, zimkwame kooni. Lakini ukurasa wa arobaini yupo yule asiye na kidole, anayetazama upande wa stesheni. Anamngoja dada yake aliyepanda treni. Hiyo niliitunga asubuhi uliyoondoka. Nilikuwa juu ya ngazi, nikashindwa kushuka kuja kukuaga. Nilikudanganya kwamba nilikuwa na kazi. Nilitaka nikusimulie mwenyewe ukirudi, divai ikanitangulia. Sasa ina muhuri wa chuo na jina lake.

Ukija, kitabu chake usikiguse. Nitakushikia ngazi, upande umwone kwa macho yako.

Nisalimie shemeji. Mama anakubusu.

Ni mimi mdogo wako, marehemu mzee wa mtaani,
Nereo