Kabini Aliyoichagua Mama

Nyumba ya nyuma ya soko,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa kaka yangu Mrefu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Mnaendeleaje? Lile goti lako lililokuwa likivimba ukisimama sana kazini limepona, au bado unachechemea kimyakimya ili wifi asikuburute kwa daktari? Na mtoto wenu mdogo, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni utayaona mwenyewe huko mbele.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Tangu msiba, kila nikisikia sauti yako tunabaki wawili tunasikilizana tukivuta kamasi. Barua angalau nikilia naiweka kando, nafuta macho, naendelea.

Nakuandikia kwa ajili ya lile neno ulilomwambia Dada Mkubwa baada ya mazishi. Ulimuuliza alikuwa na moyo wa namna gani hata akamfungia Mama kwenye chumba kisicho na dirisha, kama gunia la viazi stoo, wakati wewe uliomba waziwazi apewe chumba chenye roshani aione bahari. Simu ilikuwa na sauti kubwa, kaka. Tuliokuwa sebuleni tulisikia wote. Dada alisema tu, "Nimekusikia, mdogo wangu," akarudi jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sasa nikusimulie ilivyokuwa, maana hukuwepo na hakuna aliyekaa nawe kukueleza.

Safari ya meli lilikuwa wazo lako, na lilikuwa wazo zuri, nalisema hilo mapema. Daktari alipotuambia moyo wa Mama umechoka na dawa sasa ni za kuupunguzia kazi tu, wewe ndiye uliyesema asiachwe ndani akitazama ukuta. Apelekwe baharini na familia yake, kwa kuwa tangu tukiwa wadogo alikuwa akisimama ufukweni akisema angependa kujua nchi kavu inaonekanaje ukiwa upande ule. Daktari hakukataa. Alisema aende, ila asiwe mbali na watu.

Tukaenda kwa wakala wa safari, Mama, Dada, Shemeji na mimi. Ofisi ni ndogo, ipo juu ya duka la viatu, ina feni inayolia na kochi linalokumeza ukikaa. Wakala ni mama mmoja mcheshi, hana haraka. Alitutandikia mezani picha ya meli iliyokatwa katikati kama mkate, sitaha juu ya sitaha, na ndani yake vijichumba, ndivyo wanavyoviita kabini. Akatuonyesha. Kuna kabini za ndani, hazina dirisha hata la kupitisha kidole. Kuna za pembeni zenye kioo kisichofunguka, maji unayaona ila upepo huupati. Halafu zenye roshani, unatoka nje na kiti chako unakaa. Akasema tena tusiangalie kabini ikoje tu, tuangalie ipo wapi. Za juu na za mbele hubembea sana, za chini katikati hutulia, iliyo chini ya ukumbi wa muziki haikupi usingizi, na kwa mtu wa mkongojo kama Mama, lifti iwe karibu.

Dada hakutaka kusikia habari nyingine. Roshani. Mrefu ametaka roshani, alisema, na mgonjwa wa moyo anahitaji hewa. Shemeji akasema yeye ni dereva wa lori, amelala kila mahali, hata wakimpa injini ataweka mto.

Shida ni kwamba kabini za roshani zilizobaki zilikuwa za watu wawili wawili, tena zimetawanyika, moja juu kabisa, nyingine mkiani mwa meli. Mama angelala na mmoja wetu, na wengine tungekuwa mwendo wa lifti na korido ndefu. Zilizokuwa pamoja ni za ndani. Mbili zimepakana, katikati ya meli, hatua chache kutoka kwenye lifti, na kati yake kuna mlango wa kupitia.

Wakati wote huo Mama alikuwa ameiinamia ile picha, mkoba mapajani. Ndipo akamuuliza wakala:

"Huo mlango wa katikati, mtu anaweza kuuacha wazi usiku kucha?"

Wakala akasema anaweza.

"Basi nipe hizo."

Dada alipinga sana. Alisema haiwezekani, hatumpeleki mtu baharini kwenda kumweka kabatini. Mama hakubishana naye mbele ya mgeni. Aliweka kidole juu ya vile vyumba viwili pichani akasubiri, vilevile alivyokuwa akisubiri na taulo mkononi tulipokataa kuoga.

Nyumbani Dada hakutulia. Alimpigia wakala kuuliza kama yupo aliyeghairi safari akaacha roshani. Tulipokaa mezani akamrudia Mama tena, kwamba hutaona jua likichomoza, utaamka gizani kama popo, na Mrefu atatuambia nini. Mama akaweka kijiko chini. Alisema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake tangu Baba afariki.

"Baba yenu pale wodini alikuwa na dirisha. Kubwa, zuri, linatazama bustani. Walitutoa muda wa kuona wagonjwa ulipoisha, nikarudi asubuhi nikamkuta ameshafunikwa. Dirisha alikuwa nalo. Mtu hakuwa naye."

Hakuna aliyegusa chakula tena. Baadaye akasema kwa upole kwamba bahari ataiona mchana akipanda juu, ipo tele, haitamkimbia. Lakini akilala anataka kutusikia tunavyopumua, kama zamani. Kile chumba chetu unakijua. Sisi watatu godoro moja, wao nyuma ya pazia, na Mama akiamka anajua nani anaanza mafua kabla mwenyewe hajapiga chafya. Ndivyo kabini ilivyochaguliwa. Dada alilia siku ile, kisha akaenda mwenyewe kumwambia wakala atuwekee zile za ndani.

Na Mama alifurahi, kaka. Hilo ulijue. Shemeji wetu wa injini na mto, meli haijamaliza hata kutoka bandarini alikuwa ameshakumbatia ndoo, na Mama akicheka mpaka tukamwomba apunguze. Mhudumu wa vyumba alikuwa na mtindo wa kukunja taulo mfano wa wanyama na kuziacha kitandani. Unajua Mama miaka yote alipiga pasi mashuka ya hoteli. Alikikagua kisungura cha taulo mbele na nyuma, akasema kazi ni safi ila masikio yamekunjwa kwa haraka, kesho yake akamfundisha yule mhudumu. Tangu hapo naye akawa anamwita Mama.

Kila asubuhi tulimpandisha sitaha ya juu, tukamfunika blanketi, akakaa na mwanangu anatazama maji. Siku moja tulipita karibu na nchi kavu, na ng'ambo unaona mji mzima kama huu wetu, majengo na watu, umekaa kama kitu cha kuokota kwa vidole. Akautazama mpaka ukapotea.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema. "Na tumegombana humo maisha yetu yote."

Kulala tulilala hivi. Mimi, mwanangu na Mama kabini moja, Dada na mumewe ya pili, mlango wazi. Ukizima taa giza lake si la kawaida, hujui kama umefumba macho au umefumbua. Mama akalizoea kuliko sisi. Kabla ya kulala alikuwa akituita kwa zamu, kama alivyofanya zamani ili ajue nani bado anachezacheza. Anaanza na Dada, Dada anaitika kutoka kule. Kisha anakuita wewe.

Mara ya kwanza nilidhani dawa zimemchanganya. Akaita tena, "Mrefu." Nikamsikia Dada anasema polepole, "Yupo, Mama. Ameshalala."

Mama akajibu, "Haya. Msimwamshe, anawahi kazini." Ndipo akaniita mimi.

Hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri uliko. Aliendelea kukuita hivyo kila siku ya safari, na Dada akawa anakuitikia.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mama alisema leo hapandi juu, miguu mizito. Nilikaa pembeni ya kitanda namkanda vidole, mwanangu anachora, Dada na Shemeji wamejinyoosha kule kwao. Nilidhani amesinzia. Mimi niliyekuwa nimemshika mguu sikusikia kitu. Dada ndiye aliyesikia. Alitokea mlangoni bila viatu akasema, "Mama anapumua vibaya," na kabla sijageuza shingo alikuwa ameshapanda kitandani, amemwegemeza kifuani mwake.

Shemeji akabonyeza kengele ya kumwita daktari wa meli. Alikuja haraka, akamsikiliza, akampa hewa ya mtungi, akatutazama kwa namna ambayo hatukuhitaji kumuuliza. Mama alifumbua macho akatupitia mmoja mmoja, na mjukuu wake. Alimwambia Dada, "Umeona?" Alisema hilo tu, hakulaumu, alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu. Dada akasema, "Nimeona, Mama." Mama akatutoka, kichwa chake kikiwa begani kwa Dada, miguu yake ikiwa mapajani mwangu. Kati yetu tuliokuwa melini hakukuwa na mtu wa kuitwa wala wa kusubiriwa.

Mengine unayajua. Meli ilifika bandarini, tukamleta, tukamlaza karibu na Baba.

Nilimuuliza Dada kwa nini hakukwambia ukweli uliposema yale maneno. Alikuwa anakunja nguo za Mama. Akasema:

"Nikimweleza sababu ya chumba, itabidi nimweleze alivyokufa Baba. Yeye anajua Baba alituaga. Hakuwepo kwa Baba, hakuwepo kwa Mama, atajibebesha wote wawili kule ugenini peke yake. Bora aninunie mimi. Mimi nitazoea."

Ndiyo, Mrefu. Kwamba Baba alituaga tulikudanganya ili ulale. Najua kwa kukwambia sasa nimekuumiza, na Dada akijua nimeandika atanikasirikia. Nimelifikiria sana. Lakini namwona anavyopungua. Anapika kule shuleni kwake chakula cha watoto wote wale, akirudi yeye mwenyewe hali kitu. Simu ikilia anaitazama kwanza kuona kama ni wewe, na ikiwa si wewe anaiacha. Mama tumemkosa wote. Sioni sababu ya yeye kukukosa na wewe juu yake, wakati aliyepigania roshani yako mpaka wakala akachoka naye ni yeye.

Mpigie, kaka. Usimtaje Mama kama huwezi, wala usiombe radhi, ataanza kulia na hamtazungumza. Mwulize tu amepika nini leo. Mwache akueleze kirefu, hata kama unachelewa kazini.

Shemeji anakusalimu, anasema meli hapandi tena, hata ya kuchorwa. Mpwa wako anakusalimu, amemchorea mjomba bahari, naiambatanisha humu. Mama Mdogo amekuja kukaa nasi kwa muda, anakuombea kila asubuhi kwa sauti inayotuamsha wote. Yule fundi saa jirani naye anakuulizia. Msalimie sana wifi yangu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Mungu akufunike huko ugenini, ayatulize mapigo ya moyo wako, akupe usingizi. Nasi atukutanishe tukiwa bado tunajuana sura.

Nikupendaye hata ukininunia,
mdogo wako,
Kitinda