Mvumbuzi Niandike Nani?

Shoga, sikia haya! Mjukuu wangu mkubwa kamvunja mdogo wake taya kwa nyundo! Kwa nyundo, shoga, mbele yangu!

Si unaijua ile mashine yao ya kupukuchua mahindi? Leo mchoraji alikuja kuichora ili waombe hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi, wasije wakaibiwa. Akauliza, "Mvumbuzi niandike nani?"

Mkubwa akasema, "Mimi." Mdogo akacheka, "Wewe ulishika tochi tu, kaka."

Tochi tu! Nyundo ikashuka. Damu mpaka kwenye michoro. Nimemchapa mkubwa kwa mwiko hadi ukakatika, mimi huyu mpole!

Mdogo kakimbizwa hospitali. Mchoraji akapangusa damu, akamgeukia mkubwa, "Haya mvumbuzi, hii springi ya ndani inafanya kazi gani?"

Mkubwa akachukua tochi, akaanza kuchungulia ndani ya mashine. Tochi, shoga! Mwenye jibu ndiye asiye na taya.